Saba ya Wayahudi ilitoka wapi? Na arobaini, na sabini, na kumi na mbili? (Uzi mrefu, njoo na chai)

Mchimba Visima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili nilimsikia mhubiri akisema "saba ni namba ya ukamilifu", watu wakaitikia amina, akaendelea. Baada ya ibada nikamfuata nikamwuliza kwa upole: mtumishi, nani alisema hivyo, na alianza kusema lini? Akanitazama kama nimemwagia uji. Basi nimeona nilete hapa, maana swali hili nimelifukuzia miaka kadhaa na nina vitu vya kuweka mezani.

Jambo la kwanza: hakuna mahali kwenye Torati panaposema saba ni ukamilifu. Hapo hapaandikwi kamwe kwamba namba fulani ina maana fulani. Namba zinatumika tu, kama vile sisi tunavyosema "nimekwambia mara mia", na msikilizaji wa zama zile alikuwa anaelewa bila kufafanuliwa. Maelezo ya "saba maana yake hiki, nne maana yake kile" yalikuja baadaye sana, kwa watu kama Philo wa Alexandria wa karne ya kwanza, ambaye alikuwa Myahudi aliyesoma Kigiriki na kuipenda hesabu ya wafuasi wa Pythagoras. Yeye ndiye aliyejaza kurasa kuisifu saba.

Sasa twende kisimani. Mwanzo sura ya 21. Ibrahimu na Abimeleki wamegombania kisima. Ibrahimu anatenga wanakondoo wa kike saba, peke yao. Abimeleki anashangaa, hawa saba wa nini? Anajibiwa: uwapokee mkononi mwangu wawe ushahidi kwamba mimi ndiye niliyekichimba kisima hiki. Na mahali pakaitwa Beer-sheba, "kwa sababu hapo waliapa wote wawili".

Ngoja hapo. Mwandishi anasema pameitwa hivyo kwa sababu waliapa, na wakati huohuo ametuonyesha wanakondoo saba. Je, ni kisima cha saba au kisima cha kiapo? Kwa Kiebrania ni vyote. Saba ni *sheva*, na kuapa ni *nishba*, mzizi mmoja, herufi zilezile tatu: shin, bet, ayin. Tena hiyo *nishba* iko katika kauli ya kujitendea. Ni kama sisi tungesema "nimejisaba" kwa maana ya "nimekula kiapo". Na saba yetu ya Kiswahili ni ndugu wa damu wa hiyo *sheva*, maana tumeipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa mama mmoja. Waarabu mji huohuo wanauita Bir as-Sab'.

Kwa nini kuapa kuwe "kujisaba"? Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia Waarabu wa zama zake walivyofungamana. Mtu wa tatu anasimama kati ya wawili wanaopatana, anawachanja viganja kwa jiwe kali karibu na kidole gumba, anachukua uzi wa nguo ya kila mmoja, anauchovya kwenye damu, anapaka mawe saba yaliyowekwa katikati yao huku akiita majina ya miungu. Mawe saba. Si Wayahudi hao, lakini ni majirani wa jangwa lilelile.

Kwa hiyo maoni yangu, na nitayatetea: kabla saba haijawa "ukamilifu" ilikuwa kifungo. Ukishafika saba umeshafunga, hurudi nyuma. Ukamilifu ni tafsiri ya watu wa vitabu waliokuja baadaye.

Nitaendelea na nyingine. Karibuni.

Kinyozi wa Mtaa

Naweka kambi hapa. Mkuu umeniharibia usiku, nilikuwa nataka kulala.

Sabato Njema

Mada nzuri mkuu, ila umeacha jibu lililo wazi kabisa. Saba imetoka kwenye Sabato. Mungu alipumzika siku ya saba, Sabato, saba, ni neno lilelile. Asili ni uumbaji, hakuna haja ya kwenda kwa Waarabu na mawe yenye damu.

Mchimba Visima

Mkuu Sabato Njema, karibu. Kwa masikio ya Kiswahili zinafanana kweli, hata mimi niliamini hivyo muda mrefu. Kwa Kiebrania ni maneno mawili. Saba inaishia na ayin, ile sauti ya kooni ambayo Mswahili tumeitupa. Sabato inaishia na tav: shin, bet, tav, na maana yake ni kukoma, kuacha kazi. Mwandishi wa Mwanzo anajua kwamba zinakaribiana kwa sauti na anazichezesha pamoja, lakini mizizi ni miwili.

Halafu kuna kitu kitamu zaidi. Babeli walikuwa na siku za mwiko ndani ya mwezi. Zilikuwa ya 7, ya 14, ya 21, ya 28, na moja inayoonekana imepotea njia: ya 19. Siku hizo mfalme asile nyama iliyopikwa kwa makaa, asibadili nguo, asipande gari lake la farasi. Mganga asimguse mgonjwa. Sasa hiyo 19 inafanya nini katikati ya ndugu wa saba? Chukua mwezi uliopita wenye siku 30, ongeza 19. Unapata 49, saba mara saba. Yaani kulikuwa na mtu amekaa na kibao chake cha udongo akihesabu mpaka mwezi wa pili.

Walikuwa pia na neno *shapattu*, siku ya 15, mwezi mpevu. Wapo wasomi wanaodhani Sabato ya kale kabisa ya Israeli ilikuwa siku ya mwezi mpevu, kwa sababu Amosi na kitabu cha pili cha Wafalme wanaitaja sambamba na mwezi mwandamo. Wengine wanakataa. Mimi niko katikati, sina haraka.

Ila tazama tofauti. Siku za Babeli zimefungwa kwenye mwezi wa angani, na mwezi una siku 29 na nusu hivi, saba haingii sawasawa. Kila mwezi ukiandama inabidi uanze upya. Sabato ya Torati imekatwa kamba hiyo. Inazunguka saba, saba, saba, mwezi uwe mchanga au mpevu. Na haikuwa siku ya nuksi kwa mfalme. Ilikuwa siku ya kupumzika kwa mtumwa, mgeni na ng'ombe. Hapo ndipo naona Israeli walifanya jambo lao wenyewe. Waliichukua namba ya jirani wakaigeuza kazi.

Sabato Njema

Hapo kwa ng'ombe umenikamata. Naendelea kusoma, ila bado nasimama na uumbaji.

Mchimba Visima

Simama mkuu, hakuna anayekusukuma. Hata uumbaji wenyewe umefumwa kwa saba. Aya ya kwanza ya Mwanzo kwa Kiebrania ina maneno 7 na herufi 28. Aya ya pili ina maneno 14. Aya tatu za siku ya saba zina maneno 35. Jina "Mungu" limetajwa mara 35 toka mwanzo wa sura ya kwanza mpaka mwisho wa siku ya saba, na "nchi" mara 21. Umberto Cassuto, mwalimu wa Kiyahudi mzaliwa wa Italia aliyefariki 1951, ndiye aliyezipanga hizi kwa uangalifu.

Bint Pwani

Assalaam aleykum ndugu. Mimi nataka kuuliza arobaini. Kwetu mzazi anakaa ndani siku arobaini, akimaliza anaogeshwa, anatoka. Mtoto siku ya saba ananyolewa nywele na kufanyiwa akika. Mtu akifa, arobaini inasomewa hitima. Na mwizi naye ana zake arobaini! Bibi yangu alikuwa akisema mtu akifanya neno siku arobaini limemwingia kwenye damu. Hizi za Wayahudi ni hizihizi?

Mchimba Visima

Wa aleykum salaam dada. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Mambo ya Walawi 12: mwanamke akizaa mtoto wa kiume, siku 7 kisha 33. Jumlisha. Arobaini. Akizaa wa kike, 14 na 66, zinakuwa themanini. Hapo sisemi bibi yako alichukua kwa Walawi. Uzazi una arobaini yake sehemu nyingi za Mashariki, na mwili wenyewe wa mzazi unachangia hoja.

Ila ukizikusanya arobaini za Biblia utaona zina tabia moja. Mvua ya gharika siku 40. Musa mlimani siku 40. Goliathi anatukana siku 40, asubuhi na jioni. Eliya anatembea siku 40. Ninawi imepewa siku 40. Wapelelezi wamezunguka Kanaani siku 40, na adhabu yao ni mwaka kwa siku, miaka 40 jangwani mpaka kizazi kile kife. Kila mahali mtu anaingia upande huu akiwa hivi, anatokea upande ule akiwa vingine. Ni kizingiti. Saba inafunga, arobaini inavusha.

Hata bwawa la kutawadha la Kiyahudi, mikveh, marabi (walimu wa Kiyahudi) waliliwekea kipimo cha chini: maji seah arobaini, seah ni kipimo chao cha kale. Pungufu ya hapo umeoga tu.

Kuna jiwe ambalo nalipenda kuliko yote. Linaitwa jiwe la Mesha, lilionekana Dhiban, Yordani ya leo, mwaka 1868, na sasa liko Louvre, Paris. Limeandikwa na mfalme wa Moabu, adui wa Israeli, karne ya 9 KK. Anasema mfalme Omri wa Israeli aliikalia nchi ya Medeba siku zake zote na nusu ya siku za mwanawe, "miaka arobaini". Ukipiga hesabu ya tawala hizo kwa kitabu cha Wafalme, haifiki. Mesha hakuwa anahesabu. Alikuwa anasema "kizazi kizima tumeonewa". Na aliyeandika ni Mmoabu. Kwa hiyo arobaini haikuwa mali ya Wayahudi peke yao, ilikuwa lugha ya ukanda ule.

Bint Pwani

Hiyo "umeoga tu" nimecheka. Shukrani.

Mwalimu wa Chaki

Nafundisha hisabati, dini zenu sizijui sana, lakini kuna kitu niliwahi kukihesabu mwenyewe kwenye meza ya chakula mke wangu akinishangaa. Fungueni Mwanzo 5, ile orodha ya wazee walioishi mamia ya miaka. Kila mmoja ana namba tatu: umri alipozaa, miaka iliyobaki, jumla. Angalieni tarakimu ya mwisho tu. Utakuta 0, 2, 5 na 7. Hakuna 1, hakuna 3, hakuna 4, 6 wala 8. Inatokea 9 moja tu, Methusela 969, na hata hiyo unaielewa: 187 na 782, zote zina 7 imechomekwa juu ya namba inayogawanyika kwa 5, halafu 7 na 7 zikajumlishwa. Umri wa watu wa kweli hautoki hivyo. Darasani kwangu nikiletewa takwimu za namna hiyo narudisha karatasi.

Halafu mababu:

Ibrahimu 175 = 7 × 5 × 5
Isaka 180 = 5 × 6 × 6
Yakobo 147 = 3 × 7 × 7

Ile ya mbele inashuka 7, 5, 3, zile za nyuma zinapanda 5, 6, 7. Na Yusufu, 110, ni 25 + 36 + 49, yaani tano, sita na saba, kila moja mara yenyewe, kisha zikajumlishwa. Kama hii ni bahati basi mimi nikacheze bahati nasibu.

Mchimba Visima

Mwalimu, ungefika mapema uzi huu ungekuwa wako. Niongeze mawili. Hizo 5, ambazo zinaingia sawasawa kwenye 60, zina harufu ya Mesopotamia, maana Wasumeri na Wababeli walihesabu kwa sitini kama sisi tunavyohesabu dakika mpaka leo. Hata miungu yao ilikuwa na namba: Anu 60, Enlil 50, Ea 40, Sini mwezi 30. Nao walikuwa na orodha yao ya wafalme wa kabla ya gharika, waliotawala makumi ya maelfu ya miaka. Katika baadhi ya nakala wa saba ni Enmeduranki, wa mji wa Sippar, mji wa mungu jua. Kwenye Mwanzo 5 wa saba ni Henoko, na miaka yake ni 365. Jua.

Na 110 ya Yusufu haikutoka Babeli. Wamisri ndio waliotakiana miaka 110 kama umri wa mtu aliyebarikiwa. Yusufu kafia wapi? Misri. Mwandishi alijua anachofanya.

Mpinga Chai

Sasa mbona mnazunguka? Semeni tu waliiba. Babeli hapa, Misri pale, Moabu kule. Cha kwao ni kipi?

Mchimba Visima

Mkuu, ukiwasikia watu wawili wa mtaa mmoja wanasema "kesho kutwa", utasema mmoja amemwibia mwenzake? Walikuwa wanaongea lugha za jamaa moja na kutunga mashairi kwa kanuni moja. Mwaka 1928 mkulima mmoja pwani ya Siria alikuwa analima, jembe likagonga mawe ya kaburi. Mwaka uliofuata wakaanza kuchimba, wakaupata mji wa Ugarit, uliokuwa umeteketea karibu na 1200 KK, pamoja na vibao vya mashairi ya mungu Baali. Baali anajengewa nyumba: moto unawaka siku moja, mbili, mpaka sita, siku ya saba fedha na dhahabu zimegeuka matofali. Kuna joka Lotan lenye vichwa saba, nyoka wa kukimbia, nyoka wa kujipinda. Soma Isaya 27 juu ya lewiathani uone kama si nyoka yuleyule.

Wana pia mtindo wa kupandisha namba: karamu mbili Baali anazichukia, naam, tatu. Halafu fungua Mithali 6: vitu sita anavyovichukia BWANA, naam, viko saba. Huo si wizi. Ni kama bahari za shairi, huwezi kusema mshairi wa Lamu kamwibia wa Tanga kwa sababu wote wana vina.

Na humo Ugarit mungu mke Athirati ana wana sabini. Sabini hiyo iweke kichwani. Mwanzo 10 ina mataifa yanayohesabiwa sabini. Kumbukumbu la Torati 32:8 inasema Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli, na nyumba ya Yakobo iliyoshuka Misri ilikuwa nafsi sabini. Lakini kipande kimoja cha hati za kale kilichotoka mapango ya Bahari ya Chumvi hakisemi "wana wa Israeli". Kinasema "wana wa Mungu". Kila taifa na mlinzi wake wa mbinguni. Hapo unaona sabini ya kale ikichungulia chini ya ile mpya.

Mpinga Chai

Sawa, hiyo ya bahari za shairi nakubali. Lakini sabini za Yeremia? Miaka sabini ya Babeli, hiyo si unabii wa tarehe?

Mchimba Visima

Hiyo nina kisa chake. Mwaka 689 KK Senakeribu wa Ashuru aliubomoa mji wa Babeli. Mwanawe Esarhadoni akataka kuujenga. Tatizo: ilitangazwa kwamba mungu Marduki ameandika mji ukae ukiwa miaka 70. Waandishi wa mfalme wakapata njia. Kwa maandishi yao ya kabari, 70 inaandikwa kwa alama ya sitini kisha ya kumi, na alama ya sitini ni sawa na ya moja. Ukizigeuza, kumi mbele na hiyo nyingine nyuma, unasoma 11. Basi ikaandikwa kwamba Marduki, kwa huruma yake, aliigeuza namba juu chini, na mji ukajengwa mwaka wa kumi na moja.

Kwa hiyo kabla Yeremia hajasema sabini, sabini tayari ilikuwa muda wa mungu kuukasirikia mji. Ni umri wa mtu, Zaburi 90 inasema wazi, yaani anayeondoka leo hatarudi. Baadaye Danieli akaisoma hiyo sabini akaona haijaisha, ikawa sabini mara saba. Kutoka hapo watu wamepiga hesabu za mwisho wa dunia mpaka kalamu zimekauka.

Kinyozi wa Mtaa

Na kumi na mbili mkuu usiisahau. Makabila, mitume, miezi.

Mchimba Visima

Kumi na mbili ndiyo inayonifanya niseme neno langu la msingi: namba ilitangulia orodha. Watu wanadhani walihesabu makabila wakapata kumi na mbili. Jaribu wewe kuyahesabu. Mwanzo 49 yuko Lawi na yuko Yusufu mmoja. Hesabu 1 Lawi katolewa kwa sababu ya ukuhani, basi Yusufu kapasuliwa kuwa Efraimu na Manase, ili itimie. Kumbukumbu 33 Simeoni hayupo. Ufunuo 7 Dani kafutwa, Manase yumo na Yusufu yumo. Na wimbo wa Debora, Waamuzi 5, ambao wengi wanauhesabu kati ya maandishi ya kale kabisa ya Biblia, unataja kumi tu. Yuda hayupo kabisa, na kuna Makiri na Gileadi ambao kwenye orodha nyingine huwaoni kama makabila. Watu wanabadilika, kumi na mbili inabaki. Ishmaeli naye ana wakuu kumi na wawili, Nahori ana wana kumi na wawili.

Mjerumani Martin Noth alidai mwaka 1930 kwamba kumi na mbili ilikuwa zamu: makabila yanalihudumia hekalu moja, kila moja mwezi wake, akiyafananisha na muungano wa makabila ya Wagiriki uliolihudumia hekalu la Delphi. Wasomi waliofuata wameivunja nadharia hiyo, hekalu moja la kati la zama zile halionekani. Lakini wazo la zamu lenyewe lipo: 1 Wafalme 4, Sulemani ana maakida kumi na wawili, kila mmoja analilisha jiko la mfalme mwezi mmoja.

Amri kumi ni hivyohivyo. "Usiue" kwa Mkatoliki na Mlutheri ni ya tano. Kwa Mwanglikana ni ya sita. Kwa Wayahudi amri ya kwanza ni "Mimi ni BWANA, Mungu wako", ambayo kwetu ni utangulizi. Wote wana kumi. Maneno ya Kutoka 20 hayakuandikwa namba pembeni, vidole ndivyo vilivyoamua. Na mataifa ya Kanaani: Kutoka 3 ni sita, Kumbukumbu 7 ni saba, Mwanzo 15 ni kumi.

Mathayo naye: vizazi kumi na vinne mara tatu. Ili itoshe, wafalme watatu wa Yuda wameachwa, na fungu la mwisho ukilihesabu kwa kidole utapata kumi na tatu. Kumi na nne ya nini? Daudi kwa herufi za Kiebrania ni 4 + 6 + 4.

Fundi Saa

Niingize la pembeni. Kwenye kumi na mbili sisi Waswahili tuna bahati. "Saa za mchana si kumi na mbili?" Yohana 11. Mwingereza akisoma "saa ya tatu" anahitaji mwalimu amweleze kwamba ni saa tisa zake. Sisi tunasoma saa tatu, ni saa tatu. Wanahesabu toka jua linapochomoza kama sisi.

Zamu ya Usiku

Umegusa herufi. Basi tuambie 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, ndiyo niliyokuja nayo.

Mchimba Visima

Nilijua utafika mkuu. Kuhesabu majina kwa herufi, yaani gematria, kwa Wayahudi ni jambo lililokuja baadaye sana katika safari hii. Mtu wa Mesopotamia, Sargoni wa pili wa Ashuru, alijisifu karne ya 8 KK kwamba ukuta wa mji wake una dhiraa 16,283, "hesabu ya jina langu". Ila Wayahudi kutumia herufi alef kuwa moja, bet kuwa mbili, inaonekana waliipata kupitia Wagiriki. Wakati wa vita na Roma, mwaka 66 mpaka 70, sarafu zao za fedha zina herufi ya mwaka: alef mwaka wa kwanza, bet wa pili. Huko Pompeii kuna mtu alikwaruza ukutani kwa Kigiriki kwamba anampenda mwanamke ambaye namba yake ni 545. Ilikuwa michezo ya mtaani.

Marabi wakaipenda. Watumwa 318 wa Ibrahimu, Mwanzo 14? Wakasema ni mtu mmoja tu, mtumishi wake Elieza: 1 + 30 + 10 + 70 + 7 + 200. Wakristo wa mwanzo wakaichukua 318 hiyohiyo kwa Kigiriki wakaona Yesu na msalaba. Na rabi Simlai akasema amri za Torati ni 613: 365 za kukataza kama siku za mwaka, 248 za kuamuru kama viungo vya mwili. Alivihesabu viungo? Namba ilitangulia.

Haya, 666. Neron Kaisari kwa herufi za Kiebrania: 50 + 200 + 6 + 50, kisha 100 + 60 + 200. Jumlisha mwenyewe. Tahajia hiyo imeonekana kwenye hati ya Kiaramu ya zama zake, nyika ya Yudea. Na ukiondoa herufi nun ya mwisho, ile 50, kama Walatini wanavyotamka Nero, unapata 616, namba ambayo kweli imo katika baadhi ya nakala za kale za Ufunuo. Nero alikufa mwaka 68. Wanaoitafuta kwenye kadi za benki naomba mniache nimalize chai.

Zamu ya Usiku

Nimejumlisha. 666. Nimejumlisha tena.

Sabato Njema

Mchimba Visima, nimekaa na Biblia yangu ya Kiswahili hapa, ile ya Union. "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Hapo, mwanzo, Mungu, aliziumba, mbingu, na, nchi. Saba! Utasema nini?

Mchimba Visima

Duh. Miaka yote hii sijawahi kuhesabu. Mkuu, umenipata. Herufi je?

Mwalimu wa Chaki

36. Ya Kiebrania ilikuwa 28.

Sabato Njema

Na aya ya pili, kabla hamjauliza: 25. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kwa kidole.